Mwanangu anataka ukocha wa futiboli ya chuo. Nimkataze?

Swali: "Tunaishi Columbus, Ohio. Mwanangu ana miaka 22, ni raia wa hapa. Anamaliza shahada ya hisabati kwenye chuo kidogo cha Daraja la Tatu, ambako amecheza futiboli ya Kimarekani miaka minne, muda mwingi akiwa benchi. Benki moja imeshamwahidi kazi, lakini yeye ameng'ang'ania ukocha. Amepata nafasi mbili. Moja ni kuwa msaidizi mwanafunzi kwenye chuo kikuu cha Daraja la Kwanza: watamlipia shahada ya uzamili na kumpa posho ndogo sana. Nyingine ni kubaki chuoni kwake afundishe walinzi wa safu ya kati kwa malipo ya msimu. Baba yake anasema huu ni mchezo, si kazi, tena makocha ni wale waliokuwa mastaa, na sisi weusi wageni hatuna chetu huko. Mimi nikiwasha televisheni nasikia makocha wanalipwa mamilioni. Sijui nimsikilize nani. Anatakiwa kujibu ndani ya wiki mbili. Nimkataze?"

Jibu: Mama, barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, maana huyo kijana wako nilikuwa mimi. Nilizaliwa Tanga, nikaletwa huku nikiwa na miaka 11, na siku nilipomwambia marehemu mama yangu kwamba nataka kufundisha futiboli aliniuliza, "Na kazi utafanya saa ngapi?" Nilikaa kwenye ukocha wa vyuo miaka 14, na sasa nawashauri vijana wanaoanza. Nitakujibu kwa ninavyoijua kazi hii toka ndani. Usimkataze. Lakini pia usimwache aende kichwa kichwa, kwa sababu hatari iliyopo katika kazi hii siyo ile anayoiona baba yake, na tamaa iliyopo siyo ile unayoiona wewe kwenye televisheni.

Nianze na hili la mastaa. Ushahidi uko hapo hapo Ohio kwenu. Nick Saban, kocha wa chuo cha Alabama aliyestaafu Januari 2024 akiwa na mataji 7 ya taifa, alicheza beki pale Kent State na hakuwahi kucheza NFL, ligi kuu ya kulipwa. Ukocha aliuanza chuoni hapo hapo mwaka 1973 kama msaidizi mwanafunzi, nafasi ile ile anayopewa mwanao, na mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba aliikubali kwa kuwa mkewe alikuwa hajamaliza masomo, hivyo ilibidi wabaki mjini. Mike Leach yeye hakucheza kabisa futiboli ya chuo. Alisomea sheria, akahitimu mwaka 1986, akaacha uwakili na kwenda kufundisha kwenye vyuo visivyojulikana, hadi Finland alifika. Mfumo wake wa kurusha mpira mara kwa mara umeenea mpaka timu za sekondari, na alipofariki Desemba 2022 alikuwa kocha mkuu wa Mississippi State. Kwa hiyo miaka ya benchi isimpunguzie mwanao hadhi. Wapo makocha wengi wazuri walioanza kuuelewa mchezo kwa sababu walikuwa wamekaa pembeni wakiuangalia.

Sasa hili la "mchezo si kazi". Acha nikuoneshe wiki moja ya hawa wasaidizi wanafunzi. Kwa Kiingereza ni graduate assistant, kwa kifupi GA, na hivyo ndivyo nitakavyowaita. Mechi ni Jumamosi. Jumapili jioni GA yuko kwenye chumba kisicho na dirisha, mbele yake kompyuta, anaangalia video za mpinzani wa wiki ijayo, mechi tatu au nne. Kila shambulizi analikata peke yake na kulijazia safu zake: ni jaribio la ngapi kati ya yale manne, zimebaki yadi ngapi kutimiza 10, mpira umewekwa upande gani wa uwanja, nani wameingia, wamejipangaje, halafu wamefanya nini. Mechi moja ina mashambulizi 60 au 70 kwa kila timu. Kocha wake akimuuliza Jumatatu asubuhi, "Jaribio la tatu, yadi nne, hawa hupenda nini?", jibu liwe tayari, tena liwe na hesabu.

Halafu kuna kadi. Kwa kalamu nene anachora duara 11 na mshale wa kila mmoja, anakokimbilia na anayemzuia. Mazoezini anasimama mbele ya kikosi cha akiba kinachoigiza mpinzani, ananyanyua kadi juu, vijana wanaitazama sekunde chache, wanaicheza, ananyanyua nyingine. Mwaka wangu wa kwanza niliuelekeza mshale mmoja kushoto badala ya kulia. Siku mbili nzima walinzi wetu wakajifunza kuzuia kitu ambacho mpinzani hakuwa nacho. Kocha aliyegundua hakunifokea. Aliniwekea video, akaisimamisha, akanipa kalamu. Usiku ule nilizichora upya kadi zote za wiki, na tangu hapo sikukabidhi kadi bila kurudi kwenye video kwanza. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, mama, na mtu mwenye shahada ya hisabati ana mtaji ndani yake. Timu za siku hizi zinapima kila kitu, na anayeweza kumwambia kocha kwa namba ni lini ajaribu jaribio la nne na ni lini apige mpira mbali anasikilizwa hata akiwa na miaka 23.

Mamilioni nayo yapo, sitakuficha. Mwaka 2024 Kirby Smart wa Georgia aliongezewa mkataba wa dola milioni 13 kwa mwaka. Jimbo Fisher alipoachishwa na Texas A&M Novemba 2023, fidia ya kuvunja mkataba wake ilizidi dola milioni 75. Lakini hebu angalia ngazi yote. Vyuo vya kundi la juu kabisa ni 130 na ushei, kila kimoja kina kocha mkuu mmoja. Chini yake kuna waratibu wa mashambulizi na wa ulinzi, kisha makocha wa nafasi, kila mmoja na kundi lake: wapokeaji, safu ya mbele, walinzi wa nyuma. Chini yao wapo wachambuzi na wasaidizi wa kila aina, na chini kabisa GA. Waratibu wa vyuo vikubwa wanapita dola milioni moja. Kocha wa nafasi kwenye chuo cha Daraja la Tatu anaweza kupata dola elfu chache kwa msimu, na wengi hufundisha darasani, huuza bima au husimamia chumba cha mazoezi ili mwezi ufike mwisho. Kati ya ncha hizo mbili ndipo ilipo idadi kubwa ya makocha, wakiishi maisha ya kawaida ya mwalimu, ila wakihama zaidi ya mwalimu.

Kuna jambo moja ambalo vijana huchelewa kulielewa, nalo ni namna kazi hizi zinavyotolewa. Kocha mkuu hufukuzwa mwishoni mwa Novemba. Anayemrithi hutangazwa Desemba mwanzoni, na mwezi huo huo wachezaji wa sekondari wanasaini. Ana siku chache kuajiri wasaidizi 10 na zaidi. Chuo kitatangaza nafasi kwa utaratibu wake, lakini kocha hana muda wa kusoma wasifu 300. Anachofanya ni kupiga simu: "Nahitaji mtu wa walinzi wa nyuma, unamjua nani?" Jina linalotajwa kwenye simu ile ndilo linalopata kazi. Kila Januari makocha wa nchi nzima hukutana kwenye mkutano wa chama chao, AFCA, na ukumbi wa mapokezi wa hoteli unakuwa kama stendi ya mabasi: wanaume wamevaa koti za vyuo vyao, vijana wameshika bahasha wakingoja salamu. Mara ya kwanza nilikwenda na nakala 40 za wasifu wangu, nikarudi na 37. Kazi yangu ya kwanza ya mshahara ilitokana na kocha yule wa kadi, aliponitaja kwenye simu miaka miwili baadaye.

Na hapo ndipo hatari ilipo. Anayeletwa na mtu huondoka na mtu. Kocha mkuu akifukuzwa, kwa kawaida wasaidizi wake nao hufungasha, hata kama kundi la mmoja wao lilicheza vizuri kuliko yote. Saban huyo huyo aliachishwa hapo Columbus mwishoni mwa msimu wa 1981, pamoja na wenzake wa upande wa ulinzi wa Ohio State. Kabla ya kuwa kocha mkuu kwa mara ya kwanza, pale Toledo mwaka 1990, alikuwa ameshafanya kazi miaka 17 Kent, Syracuse, Morgantown, Columbus, Annapolis, East Lansing na Houston. Hesabu mwenyewe nyumba zilizofungwa na kufunguliwa. Dabo Swinney alikuwa msaidizi Alabama hadi mwishoni mwa 2000, benchi lote la makocha likaondolewa, akakaa nje ya ukocha miaka miwili akishughulika na majengo ya maduka. Mwaka 2003 aliitwa Clemson na kocha aliyemfahamu tangu akiwa mchezaji, na baadaye akashinda mataji mawili ya taifa. Nakutajia waliorudi kwa sababu habari zao zinajulikana. Wapo wengi ambao simu haikulia tena, nami nimekaa nao jikoni kwao, watoto wanauliza kama watahama shule.

Kuhusu rangi na ugeni, baba yake ana sehemu ya ukweli, ila ameimaliza mapema. Wachezaji weusi kwenye futiboli ya vyuo ni wengi mno, makocha wakuu weusi ni wachache mno. Mweusi wa kwanza kuwa kocha mkuu wa ngazi ya juu kwenye chuo chenye wanafunzi wengi weupe alikuwa Willie Jeffries, Wichita State, mwaka 1979. Kabla yake, hodari kama Eddie Robinson alijenga maisha yake yote Grambling State, chuo cha weusi, kuanzia 1941 hadi 1997, akaondoka na ushindi 408. Januari 2025 Marcus Freeman aliifikisha Notre Dame fainali ya taifa, mweusi wa kwanza kufika hapo kama kocha mkuu, akafungwa na Ohio State ya hapo mjini kwenu. Freeman naye alicheza Ohio State, tatizo la moyo likamkatisha uchezaji, na mwaka 2010 akarudi chuoni hapo kama GA. Hata ugeni si ukuta: Mkenya Daniel Adongo alisajiliwa na Indianapolis Colts, timu ya NFL, mwaka 2013 akitokea raga, hajawahi kucheza futiboli hata siku moja.

Mtego nilioukuta mimi ni mwingine. Makocha vijana weusi hupelekwa sana kwenye kusajili wachezaji, kwa sababu "unaongea vizuri na familia zao". Unakuwa mtu wa kusafiri na kukaa sebuleni na akina mama, huku wenzako wako chumbani wanapanga mbinu. Miaka inapita, na ukidai uratibu unaambiwa hujawahi kupanga mchezo. Mwambie mwanao asajili, tena asajili kwa bidii, lakini kiti chake ndani ya chumba cha mbinu asikiachie kwa lolote.

Sasa nafasi zake mbili. Kijana mmoja wa Massillon, Ohio, Matt Campbell, alicheza Mount Union, chuo cha Daraja la Tatu kama cha mwanao. Mwaka 2003 akawa GA Bowling Green, chuo cha Daraja la Kwanza. Miaka miwili baadaye alirudi Daraja la Tatu, Mount Union, akiwa mratibu wa mashambulizi. Kisha akarudi Bowling Green, akaenda Toledo, na Desemba 2011 akapewa Toledo nzima akiwa na miaka 32. Mwaka 2016 akahamia Iowa State. Njia yake ilipita milango yote miwili anayosimama mbele yake mwanao, na ndiyo maana sitakuambia kwamba mmoja ni wa kupanda na mwingine ni wa kukwama. Lance Leipold alishinda mataji 6 ya Daraja la Tatu na Wisconsin-Whitewater kabla ya kwenda Buffalo kisha Kansas. Kalen DeBoer alianzia ukocha mkuu kwenye chuo kidogo cha Sioux Falls, nje kabisa ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vingi, akashinda mechi 67 na kupoteza 3, na mwaka 2024 ndiye aliyekabidhiwa Alabama baada ya Saban.

Chuoni kwake atafundisha kweli. Atakuwa na vijana wanane au kumi wanaomwangalia yeye, atakosea mbele yao, atajifunza kusema jambo moja kwa njia tano. GA wengi hukaa miaka miwili bila kuwa na kundi lao, ingawa tangu NCAA ilipolegeza kanuni Juni 2024, hata wachambuzi wa timu wanaruhusiwa kufundisha uwanjani, na hiyo imeongeza ushindani wa nani asikilizwe. Kwa upande wa pili, GA anatoka na shahada ya uzamili bila deni na namba za simu za makocha 10. Kama ingekuwa ni uamuzi wangu, kwa kijana asiye na mke wala mtoto, mwenye hisabati kichwani, ningechukua u-GA, kwa sharti moja: shahada ya uzamili iwe ya kitu kinachosimama chenyewe. Takwimu, ualimu wa hisabati, uhasibu. Wengi huchagua kozi nyepesi ili wapate muda wa video, na siku benchi linapoondolewa hawana cha kuonesha. Mwalimu wa hisabati anayefundisha futiboli sekondari hapo Ohio hakosi pa kwenda, na ile ni kazi nzuri kwa haki yake. Baadhi ya makocha bora niliowahi kuwaona walikuwa huko na hawakutaka kutoka.

Benki inaweza kungoja. Mwenye shahada ya takwimu ataajirika benki akiwa na miaka 27. Lakini nafasi za GA hupewa waliotoka masomoni karibuni, na akikaa miaka mitano kwenye mshahara mzuri hatashuka tena kwenye posho. Wekeaneni muda kama familia. Mimi ningesema miaka mitano: ikifika hapo awe na kundi lake na mshahara wake. Kama hana, kuna milango ya pembeni inayozidi kupanuka, kwa sababu tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa mwaka wa kwanza hadi kiasi cha dola milioni 20.5 kwa chuo, na lazima kuwe na mtu wa kupiga hizo hesabu.

Kabla hajasaini, akakae ana kwa ana na watu wawili. Wa kwanza ni ofisi ya shahada za uzamili ya chuo kile, siyo kocha. Awaulize: amekubaliwa kozi gani, ada inalipwa yote au kuna michango ya pembeni, bima ya afya ni ya nani, na kubwa kuliko yote, kocha mkuu akifukuzwa Novemba, ada ya muhula unaofuata inalipwa na nani? Jibu liwe kwenye maandishi. Mwenzangu mmoja aliachwa katikati ya mwaka kwenye chuo fulani, benchi lilipobadilishwa, akamalizia shahada kwa mkopo. Wa pili ni kocha wake wa sasa, na ningependa nawe uende. Muulize, bila kuzunguka, kama huyu kijana anaweza kufundisha. Waliomwona miaka minne benchi wanajua kama alikuwa anawaelekeza wenzake au alikuwa anasubiri zamu yake. Kama angekuwa na viza ya mwanafunzi ningeongeza mwanasheria wa uhamiaji. Wakili wa mikataba atamhitaji siku atakapopewa mkataba wenye kifungu cha fidia, siyo sasa.

Na wewe, mama, kazi yako itaanza Septemba. Msimu wa kwanza usingizi wake utakuwa wa saa nne au tano tu kwa usiku, atakula kwenye gari, atakupigia Jumapili usiku na sauti imekauka. Hiyo ni kawaida ya wiki za msimu. Isiyokuwa kawaida ni msimu kuisha na usingizi usirudi, au aanze kuishi kwa vidonge na vinywaji vya kuamsha mwili, au aache kupokea simu zako kabisa. Hapo usingoje mapumziko. Panda gari uende, umpeleke kwa daktari au kwa mshauri nasaha wa chuo. Yeye ni mwanafunzi pale, huduma ile ni haki yake, na makocha vijana wengi hawaitumii kwa kuogopa kuonekana dhaifu.

Baba yake naye, kama atakubali, aende mara moja kwenye mazoezi ya chuo, Jumanne au Jumatano, siku za kadi. Asimame pembeni kwa muda wa saa mbili tu amwangalie mwanawe akifanya kazi.